Onesha Uso Wako Kwanza

Lawama naiweka mahali pake tangu mwanzo: ni mdomo wa Redio. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila wa huyu uliponza vichwa vya wenzake, na mwenyewe mpaka leo anakula na kulala.

Redio ndiye mtangazaji wa uwanja wa mpira. Waliompa jina hilo hawakukosea, maana akishawashwa hazimiki. Alikuwa akifanya kazi kwenye chumba kidogo chini ya jukwaa kuu, chenye dirisha pana la kioo linalotazama nyasi, feni inayolalamika mchana kutwa, na meza mbili. Meza ya pili ilikuwa ya Mhariri, mwanamke mtulivu mwenye kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto, asiyependa utani akiwa kazini. Mumewe alikuwa golikipa wa timu ya nyumbani. Mashabiki walimwita Sumaku, kwa kuwa mpira ukimkaribia haukuwa na pa kwenda isipokuwa mikononi mwake.

Kazi ya Mhariri ilikuwa hivi. Uwanja haukuwa na uwezo wa kuajiri wapiga picha, kwa hiyo uliwageuza mashabiki kuwa wapiga picha. Kila mwenye simu alirekodi palepale alipokaa, akatuma kwenye programu ya uwanja. Mhariri alizipokea zile klipu, akazipanga kwa kufuata sauti ya filimbi ya refa, akaziunganisha, na bao moja likaonekana kwenye skrini kubwa kutoka kila upande. Watu walifurahi sana kuona walichokirekodi wenyewe. Lakini palipo na watu hapakosi wajanja, na wengine walianza kutuma video za mechi za zamani na kudai ni zao. Mhariri akawatungia sheria. Ukimaliza kurekodi, geuza kamera ikutazame wewe, sema umekaa wapi, ndipo klipu iende. Usipofanya hivyo programu inakukatalia na kukuandikia maneno ambayo Mhariri aliyachagua mwenyewe: Onesha uso wako kwanza.

Sasa, jukwaa la mashariki lilikuwa limefungwa. Upepo uliezua paa lake, mabati yakabaki yananing'inia, na uongozi ukapigilia mbao milangoni. Vile viti vya kukunja, ambavyo mtu akiinuka hujikunja vyenyewe, vilikaa vimejikunja safu kwa safu, vimejaa vumbi. Redio alilijua hilo, maana jukwaa lenyewe lilikuwa mbele ya pua yake. Ila ulimi una mazoea. Mechi ilipoanza alishika kipaza sauti akasema kama alivyokuwa akisema miaka nenda, miaka rudi:

"Mlio kaskazini, mlio kusini, nanyi mlio jukwaa la mashariki, karibuni sana. Tutumieni mnachokiona. Tunawasubiri."

Mhariri aliinua kichwa. "Mashariki unamkaribisha nani?"

Redio akacheka. "Basi tu, limenitoka. Si unajua, lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Likaja. Klipu ilifika kabla ya mapumziko. Ilimwonesha Sumaku akiruka na kuudaka mpira uliokuwa unaelekea pembeni kabisa ya goli, na nyuma yake lilionekana jukwaa kuu lote, mpaka dirisha la chumba chao. Mhariri aliitazama mara mbili. Picha kama ile ingeweza kupigwa kutoka upande mmoja tu. Tena ilikuwa imetulia, haitikisiki hata kidogo, na haikuwa na kelele za watu. Ilikuwa na filimbi ya refa, na baada ya filimbi, karibu sana na kipaza sauti cha simu, mtu alikuwa anahema. Kisha ikaisha bila uso wowote.

"Hii imepitaje?" aliuliza. "Haina uso."

"Programu yako mwenyewe unaniuliza mimi?" alisema Redio. "Itumie tu, ni nzuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akaitumia, na hapo naye nampa kipande chake cha lawama. Uwanja mzima ulipiga makofi. Zikaja nyingine, na zote hazikuwa na habari na mpira. Mpira ukiwa huko goli la pili, watu wamesimama wanapiga kelele, kamera ile ilibaki kwa Sumaku, ikimtazama shingo, ikimtazama anavyofuta jasho, ikikaa muda mrefu kwenye mikono yake. Mhariri alijisikia vibaya, kama mke yeyote anayeona mtu anamkodolea macho mume wake mbele za watu.

Dakika za mwisho Sumaku aliokoa penalti. Uwanja ulilipuka. Mhariri alisahau mengine yote, akamtumia ujumbe mumewe: shujaa lazima awasalimie mashabiki, jirekodi ukiwa golini, na usisahau kuonesha uso. Mechi ilipokwisha Sumaku aliupata ujumbe, akachekelea, akarudi kati ya milingoti na simu mkononi. Alisimama jukwaa la mashariki likiwa nyuma ya bega lake.

"Mimi ni Sumaku," alisema, kwa kufuata sheria ya mkewe. "Nimekaa golini, na sitoki."

Klipu ikaingia. Namba ya jezi ilisomeka kinyumenyume, kama ilivyo kwa kamera za mbele, na Mhariri akaigeuza kama alivyogeuza nyingine zote. Alipokuwa anaigeuza aliona kule nyuma, katikati ya viti vyote vilivyojikunja, kiti kimoja kimeshuka.

*

Jioni ile Sumaku alirudi nyumbani, akaoga, na baada ya kuoga bado alinuka majani yaliyokatwa na chokaa mbichi, ile inayochorwa mistari ya uwanja. Mhariri aliona ni kawaida, kazi ni kazi. Asubuhi, alipompa kikombe cha chai, ndipo alipoona kidole.

Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto cha Sumaku kilikuwa kimepinda tangu kilipovunjwa na shuti, na kila mtu alikijua. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Kidole kilichopinda kilikuwa kwenye mkono wa kulia, kimezunguka kikombe. Mwanamke yule kazi yake ya kila siku ilikuwa kuzipokea nyuso zilizogeuzwa na kuzirudisha upande wake, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa alichokuwa anakitazama. Alirudi jikoni taratibu, na jikoni akamkuta mama mkwe wake, aliyeishi nao, amesimama, sufuria mkononi, haioshi wala haiweki chini.

"Umeona," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini.

"Mama, nimeona nini?"

"Usinifiche, mwanangu. Yule nimemzaa mimi. Alikuwa na kovu bega la kulia, aliungua akiwa mdogo, nililia siku ile kuliko yeye. Leo kovu liko kushoto. Na nimemwita kwa jina la utotoni, hakugeuka."

Mhariri alifungua bomba maji yakatoka kwa nguvu, ili wasisikike. "Tuondoke," alinong'ona. "Twende hata kwa jirani."

Walipogeuka alikuwa mlangoni. Alikuwa amesimama katikati ya miimo miwili, miguu imetanuka kidogo, mikono ameinyoosha pande zote mpaka vidole vikagusa mbao, kama anavyosimama golikipa anayesubiri penalti. Hakuonekana kukasirika.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza.

Na huo ndio ukawa mtindo wa nyumba ile. Hakupiga mtu, hakutukana, hata sauti hakupandisha, ila ukitaka kutoka sebuleni ulimkuta mlango wa sebule, ukitaka kwenda uani ulimkuta mlango wa uani, na hukumsikia akitembea, ulisikia tu ile harufu ya majani na chokaa ikikutangulia kwenye korido, halafu mikono ikanyooka, halafu swali lilelile la upole ambalo halikuwa na jibu la kukufungulia njia. Hakula. Hakulala. Mhariri alipolala alimwona amesimama mlango wa chumba, mgongo kwake, akilinda. Ruhusa ilikuwa moja tu: siku za kazi alimpeleka mkewe uwanjani, kwa sababu naye alikwenda huko. Mama mkwe alibaki amefungiwa, akizungumza na sufuria zake.

Uwanjani, Redio alimvutia kiti. "Afadhali umekuja," alisema. "Zinaendelea kuingia. Na leo hakuna mechi."

Mhariri alifungua ya kwanza. Ilikuwa ya asubuhi ileile, jua limewaka, uwanja mtupu, imepigwa kutoka mashariki. Golini alikuwepo mumewe. Alikuwa na jezi ya siku ya penalti, imechafuka, midomo imepasuka kwa kiu. Alikimbia mpaka kwenye mstari wa chokaa unaozunguka goli, na pale akarudishwa nyuma akaanguka, akainuka, akajaribu upande mwingine, akarudishwa tena, akaanza kuupapasa ule mstari kwa viganja, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta mlango gizani, na mdomo wake ulikuwa wazi muda wote na hakuna sauti iliyotoka, ila kule kuhema kwa yule aliyeshika simu, taratibu, bila haraka. Kisha Sumaku aligeukia kamera. Mke hujua umbo la jina lake kwenye midomo ya mumewe. Alikuwa anamwita yeye.

Alikimbilia dirishani. Nyasi zilikuwa tupu. Mtunza uwanja alikuwa anavuta mpira wa maji, akapita katikati ya goli pale ambapo kwenye klipu palikuwa na mtu amepiga magoti.

"Nisamehe," alisema Redio. "Ni mimi niliyemwita."

"Kunyamaza ulishindwa," alisema Mhariri, na akalia pale mezani bila kujificha.

*

Mtabibu aliyepatikana, kwa kutafutwa na Redio, ni bibi mmoja aliyejulikana kwa jina la Bibi Ubani. Hakuingia ndani, kwa kuwa mlango ulikuwa na mwenyewe. Alikuja kwa nyuma, akasimama kwenye dirisha la jikoni, na mama mkwe na mkwewe wakajifanya wanaosha vyombo.

"Ubani wangu hapa haufai," alisema, mdomo karibu na nondo. "Huyu hakuvamia. Alialikwa, tena mbele ya watu. Na mgeni wa kualikwa humwondoi kwa moshi. Aliyemkaribisha kwa kipaza sauti amuage kwa kipaza sauti, uwanja ukiwa umejaa, filimbi ya mwisho ikishalia."

"Na mwanangu?" aliuliza mama mkwe.

"Mwanao amefungwa na jicho la huyo mgeni. Alijionesha, akasema hatoki, na jicho likamchukulia neno lake. Sasa jicho la mtu anayempenda ndilo litakalomtoa. Mtu akae kwenye kiti alichokaa yule, amtazame kwa simu bila kupepesa, na picha hiyo watu wote waione. Umati ukishamwona anatoka, atakuwa ametoka."

"Nitakaa mimi," alisema Mhariri.

Bibi Ubani alimtazama sana. "Basi nisikilize, mjukuu wangu. Mtazame yeye, usijioneshe wewe. Kiti kile kikishauona uso hakiusahau, na yule mgeni akipata uso mwingine amepata nyumba nyingine."

Harufu ya chokaa iliingia jikoni. Dirishani hapakuwa tena na mtu.

"Mnaongea na nani?" aliuliza aliye mlangoni.

*

Siku ya mechi uwanja ulijaa. Yule mwenye kidole kilichogeuka alisimama golini, na alidaka kila kitu bila kuutazama mpira, na mashabiki wakashangilia, maana shabiki anachotaka ni ushindi, mengine hajali. Mhariri aliingia jukwaa la mashariki kwa kupenya kati ya mbao mbili zilizolegea. Ndani palikuwa na baridi, ingawa nje jua lilikuwa kali. Mabati yaligongana juu polepole. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali isipokuwa kwenye kiti kimoja, kilichoshuka, kisafi. Alikaa. Kiti kilikuwa na joto, la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Aliinua simu. Kwa macho golini palikuwa na mtu mmoja. Kwenye simu walikuwa wawili: yule aliyesimama, na nyuma yake, ameegemea mlingoti, mumewe, amekonda, kichwa kimeanguka kifuani. Mhariri alianza kurekodi. Kandokando yake, kulia na kushoto, alisikia viti vikishuka kimoja kimoja kwa ule mlio wao mkavu, kama watu waliochelewa mechi na sasa wanakaa, na alijua akigeuza shingo kutazama ni nani basi picha itahama, na picha ikihama Sumaku amepotea, kwa hiyo hakugeuza shingo, alikaa akihema kwa pua na kumtazama mume wake, huku kitu kilichokaa karibu kabisa na sikio lake nacho kikihema pamoja naye, pumzi kwa pumzi.

Filimbi ya mwisho ililia.

"Mlio jukwaa la mashariki." Sauti ya Redio ilitoka spika zote, imekauka. "Mlikaribishwa na mimi. Mmetazama vya kutosha. Karibu yangu nimeirudisha. Nendeni salama mlikotoka."

Watu walicheka, wakadhani ni mzaha wake mwingine. Kwenye simu, yule aliyesimama golini aligeuza uso kuelekea mashariki, akafifia kama mvuke kwenye kioo, akaisha. Sumaku aliinua kichwa. Alijikokota kutoka kwenye mlingoti mpaka kwenye mstari wa chokaa, akapeleka mguu juu ya mstari, na mguu ukasimama hewani. Bado umati haukuwa umemwona. Mhariri alibonyeza kutuma.

Simu ikaandika: Onesha uso wako kwanza.

Alibonyeza tena. Maneno yakarudi yaleyale, aliyoyachagua mwenyewe, kwa herufi kubwa alizozitaka mwenyewe ili hata wasioona vizuri wasipate kisingizio, na hakuna mlango wa nyuma alioutengeneza, kwa sababu alikuwa mtu makini na hakutaka mjanja hata mmoja apite, na kumpigia Redio ilikuwa ni kuizima kamera, na watu walikuwa wameanza kuinuka wakielekea milangoni, wanatafuta ndugu zao, na wakishatoka hapatakuwa na umati wa kumwona mtu yeyote akitoka popote, na kwenye ule mstari mumewe alikuwa amesimama mguu mmoja juu, anayumba, anamtazama. Alimtazama na yeye. Alimpenda mtu yule toka kidole hakijapinda.

Akageuza kamera.

"Mimi ni Mhariri," alisema. "Nimekaa jukwaa la mashariki."

Klipu ikaenda, na Redio, aliyekaa kwenye meza ya Mhariri, akairusha.

Skrini kubwa iliwaka, na waliokuwa wanatoka wakageuka, wakamwona golikipa wao anavuka mstari na kuanguka kwa magoti nje yake, wakapiga makofi wakidhani anashukuru. Nyasi zilikuwa baridi chini ya viganja vyake. Alilia kwa sauti, na sauti yake ilisikika. Kisha mkewe akaja mbio kutoka upande wa mashariki, akamkumbatia, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutazama nyuma yake, kule kwenye viti.

*

Nyumbani mama mkwe alifunua bega la mwanawe, akalibusu kovu pale lilipotakiwa kuwa. Milango ilikuwa wazi. Siku za kwanza zilikuwa za kulala na kunywa maji. Mhariri hakurudi kazini, alisema amechoka na mambo ya picha, na nani angemlaumu. Sumaku alikuwa na mchezo wake wa zamani wa kupitisha kidole gumba chini ya jicho la kushoto la mkewe, pale kwenye kidoti. Jioni moja alifanya hivyo na kidole kikapita kwenye ngozi tupu. Alijiambia amekaa mno upande usio wake, ndiyo maana kila kitu anakiona kimegeuka. Mama yake alikuwa anawatazama kutoka jikoni, sufuria mkononi, haioshi wala haiweki chini.

Ilikuwa mechi ya kwanza baada ya hapo, ambayo Sumaku alipumzishwa, Redio alipompigia.

"Uko nyumbani?" aliuliza Redio kwa kunong'ona, na tangu lini Redio akanong'ona. "Nakutumia kitu. Kitazame ukiwa peke yako."

Sumaku alikaa kitandani akafungua. Ilikuwa klipu kutoka mashariki. Kamera iliacha mpira, ikatembea juu ya nyasi mpaka golini, ikamkuta golikipa wa akiba, ikazunguka nyavu zote ikimtafuta mtu ambaye hakuwepo. Ilitetemeka, tofauti na zile za mwanzo. Halafu ikageuka, kwa sababu huyu alikuwa mtu wa kufuata sheria, na ukatokea uso wa mkewe, midomo imepasuka kwa kiu, vumbi kwenye nywele, na nyuma yake safu za viti vilivyoshuka. Midomo ilisema kitu bila sauti. Sumaku hakuhitaji sauti. Mume naye hujua umbo la jina lake.

Aliinuka. Alitafuta viatu chini ya kitanda, akakosa kufunga kamba, akaziacha. Harufu ya majani yaliyokatwa ilikuwa imeshaingia chumbani.

Mkewe alikuwa amesimama katikati ya miimo ya mlango, mikono ameinyoosha pande zote.

"Mume wangu," alisema kwa upole. "Unakwenda wapi?"